Usipake Rangi: Namna ya Kuuza Nyumba Chakavu Kama Ilivyo

Ukipita Ilala, Magomeni, Temeke au Kinondoni utaziona. Nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na ua nyuma, bati limeshika kutu mpaka limekuwa jekundu, ukuta wa mbele umeliwa na chumvi usawa wa goti, na juu ya mlango ufa umepasua lenta na kupanda hadi kwenye kenchi. Wenyewe wanataka kuuza, ila wanasubiri. Wanasubiri wapate hela waezeke upya, wapige lipu, wapake rangi, ndipo waite dalali. Mvua za masika zinakuja, zinaondoka, singibodi ya chumba kingine inadondoka, na hela ya ukarabati bado haijapatikana.

Kama wewe ni mmoja wao, huna haja ya kusubiri. Nyumba mbovu inauzika ikiwa mbovu vilevile, na mara nyingi hupotezi kitu. Kinachoangusha bei ya nyumba za namna hii ni karatasi kuliko ukuta. Kwa hiyo shilingi chache ulizonazo zipeleke kwenye nyaraka. Taratibu nitakazozieleza ni za Tanzania Bara, na mifano mingi ni ya Dar es Salaam. Zanzibar ina sheria zake za ardhi, na nyumba za Mji Mkongwe ziko chini ya mamlaka ya hifadhi, hazivunjwi wala kubadilishwa kwa utashi wa mnunuzi. Huko anza kwa kuuliza mamlaka hiyo.

Hatua ya kwanza: jua unachouza ni nyumba au kiwanja

Kisheria, ardhi yote Tanzania ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Unachomuuzia mtu ni haki ya kuitumia, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Sokoni hali ni nyepesi zaidi kuielewa: kuna mnunuzi atakayehamia, na kuna mnunuzi atakayevunja.

Namna ya kumjua wa kwako ni kuangalia mtaa. Nyumba mbili au tatu za mwisho kuuzwa hapo jirani zilifanywaje? Kama zilivunjwa na sasa panapanda ghorofa, basi wewe una kiwanja ambacho kwa bahati kina nyumba juu yake. Kariakoo hilo halina mjadala siku hizi. Mtu anayekuja kuona nyumba ya Kiswahili ya pale hatazami dari. Mwangalie anavyofanya: anapiga hatua za mguu toka kona hadi kona upande wa barabarani, anauliza bikoni, yaani vijiwe vya mipaka ya kiwanja, ziko wapi, anatazama kama lori la kokoto linaweza kuingia, kisha anauliza hati. Ndani anaingia kwa adabu tu.

Ndiyo maana dalali akisema, "Mama, hapa tupige rangi kidogo, wateja wanapenda kuona pamependeza," mjibu kama alivyojibu mama mmoja wa Ilala: "Mwanangu, huyo anakuja kuvunja. Rangi ya nini?"

Pembezoni mwa jiji mambo yanageuka. Chanika, Mbagala ya ndani au Gongo la Mboto bei ya kiwanja ni ndogo, kwa hiyo sehemu kubwa ya thamani imo kwenye msingi, kuta na bati. Mnunuzi wa huko anataka kuhamia, na kila ufa ataupigia hesabu. Hata hivyo bado si lazima ukarabati. Ziba tu kile kinachozidisha uharibifu kila siku, yaani bati linalovuja juu ya kenchi, bomba linalomwaga maji kwenye msingi, na mchwa. Mengine mwachie mnunuzi na fundi wake, kwa sababu rangi utakayoichagua wewe ataifuta.

Na usivunje mwenyewe ili uuze "kiwanja kitupu". Kuvunja kunahitaji kibali na hela, kifusi kukiondoa ni gharama nyingine, na kiwanja kitupu mjini hugeuka dampo au kijiwe kwa muda mfupi. Kama huna hati, ile nyumba iliyosimama, hata ikiwa imeinama, ndiyo ushahidi wako kwamba pale ni kwako.

Hatua ya pili: karatasi

Hapa ndipo utakapotumia muda mwingi, kwa hiyo anza kabla hujamwambia mtu yeyote kuwa unauza.

Anza na jina. Nyumba nyingi chakavu za mjini ni za urithi: baba alifariki, hati bado ina jina lake, kaka mkubwa anakaa chumba cha mbele, vyumba vingine vina wapangaji na kodi anapokea anayepokea. Nyumba ya marehemu haiuzwi na "familia". Inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Ukoo mnakaa kikao, mnampendekeza mtu, muhtasari unasainiwa, mnaupeleka mahakamani pamoja na cheti cha kifo. Msimamizi akishateuliwa, anakwenda ofisi ya ardhi na barua yake ya uteuzi ili hati ihamishwe kwenda jina lake kama msimamizi. Baada ya hapo ndipo anaweza kumsainia mnunuzi.

Kisheria msimamizi ana mamlaka ya kuuza, lakini mnunuzi mwenye akili ataomba kuona maandishi kwamba warithi wote wamekubali, kwa sababu mdogo wenu aliyeko Mwanza akifungua kesi baada ya mauzo, anayesumbuka ni mnunuzi. Pateni saini zote mapema, pamoja na makubaliano ya nani anapata kiasi gani. Msipokubaliana mgawo kabla ya bei kujulikana, bei ikijulikana ndiyo hamtakubaliana kabisa.

Jambo jingine kwa nyumba za zamani za pwani ni wakfu. Babu angeweza kuiwekea nyumba wakfu kwa ajili ya msikiti au kizazi chake. Mali ya wakfu haiuzwi kama mali ya kawaida. Waulizeni wazee wa ukoo na angalieni karatasi za zamani kabla ya kupokea hela ya mtu.

Kisha mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili.

Baada ya jina, tazama aina ya karatasi uliyo nayo. Mwenye hati miliki yuko juu. Anayefuata ni mwenye barua ya toleo (barua ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, kabla ya hati), kisha mwenye leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa kwenye eneo lisilopimwa), na chini kabisa yule mwenye mkataba wa mauziano uliopigwa mhuri na serikali ya mtaa. Wote wanaweza kuuza wanachokimiliki, ila bei hazilingani, na anayenunua kwa mkopo wa benki atataka hati. Hati yenyewe isome vizuri. Hati za zamani zilizotolewa kwa miaka 33 nyingi zimekwisha au ziko ukingoni, na kuihuisha ni bora kuliko kuezeka upya. Leseni za makazi nazo zina muda wake.

Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, hata kama nyumba ni yako tangu zamani. Majibu yataonyesha mmiliki aliyeandikwa, na kama kuna rehani au zuio. Kuna watu walishalipa mkopo miaka mingi iliyopita lakini benki haikuondoa rehani kwenye daftari. Wanakuja kulijua hilo siku mnunuzi ameshika hela mkononi.

Lipa madeni. Kodi ya pango la ardhi lazima iwe imelipwa ili uhamisho upite. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ila nyumba chakavu mara nyingi imekatwa umeme, kwa hiyo uliza kama kuna limbikizo. Bili ya maji ya DAWASA nayo, hasa ile ya wapangaji walioondoka usiku.

Mwisho nenda kwa afisa mipango miji wa manispaa umuulize matumizi ya eneo lako kwenye mchoro. Kama eneo limeruhusiwa makazi na biashara, au ghorofa kadhaa, hiyo ni habari ya kupandisha bei kuliko milango mipya kumi. Kama sehemu ya kiwanja iko kwenye hifadhi ya barabara na ukuta una X nyekundu ya kubomolewa, au uko ndani ya mita 60 za mto zinazolindwa na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004, ni afadhali ukajua wewe kwanza.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya bei

Usianze na "jirani aliuza milioni mia mbili". Jirani hasemi kweli, na dalali wake ndiyo kabisa. Anza na mita za mraba.

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Una kiwanja cha mita za mraba 400. Viwanja vinavyofanana na chako mtaa huohuo vimekwenda kwa shilingi 200,000 kwa mita. Ardhi ni milioni 80. Sasa toa gharama ya kuvunja na kubeba kifusi, tuseme milioni 3. Halafu rudisha thamani ya mabaki, maana nyumba za zamani zina vitu: milango na fremu za mvule au mninga, mbao za kenchi zisizo na mchwa, nondo za madirisha, mabati ya migongo mipana yanayofaa kwa banda. Tuseme milioni 2. Umebaki na milioni 79, na hapo ndipo unapoanzia mazungumzo. Nyumba yenyewe umeihesabu sifuri, na haijakuumiza.

Kama mnunuzi wako ni wa kuhamia, hesabu ni nyingine. Tafuta nyumba nzima, isiyo na kasoro, ya ukubwa uleule mtaani kwako. Mwite fundi akuandikie vifaa na ufundi wa kuirudisha yako katika hali hiyo. Toa. Kisha toa tena kidogo kwa ajili ya usumbufu, kwa sababu mnunuzi atakaa kwenye kupanga miezi kadhaa huku akijenga. Karatasi ya fundi itunze. Mnunuzi akija na fundi wake anayesema ukarabati ni milioni 40, nawe una orodha ya milioni 18 yenye bei ya kila mfuko wa saruji, mtabishana juu ya orodha, si juu ya hisia.

Mthamini aliyesajiliwa utamhitaji hata hivyo wakati wa uhamisho, na ripoti yake hupitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Ukimwita mapema unapata namba ya kukushika mkono kwenye majadiliano.

Hatua ya nne: taja ubovu wenyewe

Sheria yetu ya Mikataba inamtaka mnunuzi afungue macho, lakini ile kuficha kasoro kwa makusudi inaihesabu kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu unaweza kutenguliwa. Kupiga lipu juu ya ufa wa msingi wiki moja kabla ya mteja kuja ni kuficha.

Tembea na daftari. Andika chumba kwa chumba: bati linavuja wapi, kuta zipi zina chumvi, jamvi limetitia wapi, shimo la choo liko upande gani na limejaa, nyaya za umeme ni za lini, mvua ikinyesha maji yanafika wapi. Kama paa ni la asbesto, liandike peke yake, kwa sababu vumbi lake ni hatari na kulivua kunataka uangalifu na gharama. Piga picha. Orodha hiyo itakuwa kiambatisho cha mkataba.

Usidhani itawakimbiza watu. Wenye hela ya kununua nyumba chakavu wameshaona nyumba chakavu nyingi. Muuzaji anayewaambia kwamba choo kimejaa wanamwamini anaposema hati ni safi.

Wapangaji wape notisi ya maandishi kwa mujibu wa mikataba yao, na waliolipa miezi sita mbele warudishiwe kilichobaki. Mnunuzi anataka kukabidhiwa pakiwa patupu. Chumba ambacho ukuta umeshaachana na paa, mtoe mpangaji leo, uuze usiuze.

Kisha fagia, fyeka majani ya uani, toa makabati yaliyovunjika na matairi, na fukua bikoni zionekane. Hiyo ndiyo "ukarabati" wote.

Hatua ya tano: mtafute anayestahili

Wa kwanza kuambiwa ni jirani wa kushoto na wa kulia. Kwake, kiwanja chako kina thamani kuliko kwa mtu mwingine yeyote, maana akiunganisha viwili anapata upana wa kujenga kitu ambacho kimoja kimoja kisingekiruhusu. Nenda mwenyewe, na salamu zako. "Shikamoo mzee, nimekuja kwako kwanza kabla halijatoka nje" ni sentensi ambayo imeuza nyumba nyingi.

Wa pili ni wajenzi na wafanyabiashara wa eneo hilo. Watatu ni madalali. Utasikia asilimia 5 ya bei, na inajadilika, iandikwe kabla. Dalali mpe nakala ya hati iliyofifishwa namba, kamwe usimpe hati halisi hata kwa saa moja. Na mkatalie ule mchezo wa "cha juu", wa wewe kutaja bei yako na yeye kuongeza ya kwake kimya kimya: mnunuzi akija kugundua, atakayeonekana mwizi ni wewe.

Utaambiwa pia kuna asilimia 10 ya serikali ya mtaa. Ni zoea la mitaani, halina sheria nyuma yake. Mwenyekiti au mjumbe kushuhudia na kukutambulisha ni jambo jema. Kumgawia sehemu ya kumi ya nyumba ya wazazi wako ni jambo jingine.

Wapo watakaokuja na fedha taslimu na haraka: "Nakupa nusu leo, tunamaliza kesho." Haraka yao ina bei, na unailipa wewe. Kama una shida ya kweli, mgonjwa au mnada wa benki, inaweza kuwa halali yako kukubali. Kama huna, mwache aende; atarudi.

Ipo na njia ya kutouza kabisa, maarufu Kariakoo: ubia. Wewe unatoa kiwanja, mwenzako anajenga, jengo likiisha unapata fremu za maduka au sakafu mlizokubaliana. Tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, kila sehemu inaweza kuwa na hati yake. Faida yake ni kubwa na hatari yake pia, hasa pale mjenzi anapokwama ghorofa ya pili nawe huna tena nyumba ya kukaa. Usiingie bila wakili wako mwenyewe. Wakili wa mjenzi ni wa mjenzi.

Hatua ya sita: mkataba na malipo

Mkataba wa ardhi lazima uwe wa maandishi. Utaje namba ya kiwanja, kitalu, ukubwa, bei halisi, ratiba ya malipo, siku ya kukabidhi, nani analipa kodi na ada zipi, na kama mnunuzi akishindwa kumaliza, kile alichotanguliza kinakuwaje. Kifungu kinachokulinda wewe kiwe hivi au karibu na hivi:

"Mnunuzi amekagua nyumba tarehe fulani, ameona kasoro zilizoorodheshwa katika Kiambatisho A, na ameridhika kuinunua kama ilivyo. Muuzaji hatawajibika kufanya matengenezo yoyote kabla au baada ya makabidhiano."

Asaini kila ukurasa wa kiambatisho.

Kishika uchumba, yaani malipo ya kutanguliza, kipokee ukiwa na mkataba, si kabla. Malipo yapite benki kwa benki, na hati halisi ikae kwa wakili mliyekubaliana mpaka salio liingie.

Kuna desturi ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kukwepa kodi. Haikusaidii sana, kwa sababu TRA, mamlaka ya mapato, inatazama pia thamani iliyopitishwa na Mthamini Mkuu. Na mkigombana, mahakama itasoma ile bei ndogo.

Hatua ya saba: kodi na uhamisho

Wakili ataandaa taarifa ya kuhamisha, maombi ya kibali cha Kamishna wa Ardhi, na hati ya uhamisho yenyewe: Fomu za Ardhi namba 29, 30 na 35. Zinaambatana na ripoti ya uthamini, risiti za pango, picha, TIN na namba za NIDA za pande zote.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji na hulipwa kabla hati haijahamishwa. Kwa mkaazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Asiye na kumbukumbu za gharama anatozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyopitishwa, yoyote iliyo kubwa, utaratibu ulioletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2023. Kwa mfano wetu, ukiuza kwa milioni 80 bila kumbukumbu, unalipa milioni 2.4. Ukiwa na mkataba wa kununulia na risiti zinazoonyesha nyumba ilikugharimu milioni 66, faida ni milioni 14 na kodi ni milioni 1.4. Na kama ni makazi yako, umeyamiliki miaka 3 au zaidi, umeishi humo kwa jumla ya miaka 3, na faida haizidi milioni 15, unasamehewa. Kwa hiyo lile boksi la risiti za saruji lililo juu ya kabati usilitupe wakati wa kufagia. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti ya kila Juni; vithibitishe TRA wiki unayouza.

Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi.

Siku ya kukabidhi, piga picha ya mita ya LUKU na ya maji zikionyesha namba, andikeni hati ya makabidhiano yenye funguo ngapi, na mshuhudie bikoni zote nne kwa macho. Kisha peleka barua TANESCO na DAWASA kubadilisha jina, usingoje mnunuzi akumbuke. Hati mpya ikitoka kwa jina lake, omba nakala uiweke pamoja na risiti yako ya kodi.